Weupe Uliobaki Chini ya Sufuria

Habari hii niliipata kwa Kasonia mwenyewe, mwaka jana mwezi wa nane, siku tulipokaa wawili kumenya ndizi zake. Aliisema polepole, mikono ikifanya kazi, na mahali pengine aliweka kisu chini mpaka nikafikiri amemaliza. Hakuwa amemaliza. Naiandika jinsi alivyoisema.

Kasonia ni mama mtu mzima wa Mususa, hapa Butembo. Anaishi kwa kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na wakati ule nyumbani kwake kulikuwa na mjukuu mmoja, Bénite, wa miaka kumi na mmoja. Bénite ni albinos: ngozi nyeupe, nywele rangi ya mahindi, macho yasiyopenda mwangaza. Mama yake, Godelive, anauza vitenge Beni. Mtoto aliachwa kwa nyanya kwa sababu Butembo iko juu, kuna baridi na mawingu, lakini Beni kuna joto, jua linachoma, na usalama hakuna, watu wenye silaha wanaua vijijini kule.

Kila miezi mitatu Godelive alituma tube mbili za pomade ya jua. Alizipata bure kwenye chama kimoja cha Beni kinachosaidia watoto kama Bénite. Kila asubuhi kabla ya masomo Kasonia alimpaka uso, masikio, shingo, mikono na miguu. Lakini kuna juma moja, ndizi zilikuwa nyingi zinataka kuoza, akasahau siku tatu mfululizo. Sikio la mtoto likatoka kidonda. Godelive alipanda kutoka Beni, akaligeuza lile sikio kwenye mwanga, akalitazama sana.

"Mama," alisema, "mara hii nanyamaza. Akiungua tena, namupeleka kwangu. Hata kama ku Beni kuko nini, namupeleka."

Tangu mume wa Kasonia afe, wa kulala naye kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, ni Bénite. Kuanzia siku ile hakusahau pomade tena, hata siku ya mvua.

Matata yaliletwa na Ananie, jirani, mwalimu wa masomo ya msingi. Alikuwa mteja wa kasiksi wa kila Jumamosi na mtu wa kusoma telefone yake kwa sauti hata kama hakuna aliyemuuliza. Jumamosi moja alifika na hata hakukaa.

"Mama Kasonia, ile pomade ya mutoto iko wapi? Leta nione."

"Unataka kupaka? Wewe uko mweusi kama sufuria yangu. Jua litakufanya nini tena?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Ananie hakucheka. Alivaa miwani, akaigeuza tube, akafuata maandishi madogo ya nyuma kwa ukucha.

"Njo hii, hii hapa. Unaona? Dioxyde de titane, halafu wameandika nano. N, a, n, o. Soma wewe mwenyewe."

Kasonia aliacha masomo mwaka wa tatu, lakini herufi nne hazikumshinda. Alizisoma moja moja. "Sasa nano ni nini?"

"Ni vichembe. Vidogo kupita unga, kupita moshi. Watu wa sayansi walivichukua, wakaviweka pamoja na seli za ngozi ya mutu. Vikaingia ndani! Seli zingine zikaumwa, zingine zikakufa. Ilitoka mu telefone jana, hii hapa, na picha."

Aliwaonyesha. Kwenye picha kulikuwa na viduara vya rangi ya zambarau vyenye madoa meusi. Kasonia alitazama, asijue juu ni wapi na chini ni wapi.

"Na seli ni nini?"

"Mwili wako umejengwa na seli, kama nyumba na matofali. Tofali ndogo ile jicho haiwezi kuona."

"Hicho kichembe kinaingia mu tofali?"

"Njo banasema vile."

"Donc nimupake ao nisimupake?"

Ananie alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mi nilisoma tu, mama. Sikusema usipake. Mais mutu akikupa kintu cha bure, kila miezi tatu, bila kuchoka, ujiulize."

"Jua nalo ni la bure," alisema mteja mmoja, na kicheko kikaanza tena. Kasonia alibaki na tube mkononi. Watu wa hapa, tangu wakati wa Ebola, walijifunza kuogopa kitu wanachopewa, na walijifunza pia kwamba aliyekataa alizikwa. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kichwa kimoja na hakuna aliyekuja kuyatenganisha.

*

Siku mbili alimpaka Bénite huku akigeuza uso pembeni. Alipaka kidogo, halafu akaongeza, halafu akafuta kwa kitambaa. Akisema aache, alimwona Godelive kichwani mwake, amesimama mlangoni. Akisema apake, aliona vile viduara vya zambarau.

Siku ya tatu, akiwa anachuja kasiksi, alisimama na kitambaa mkononi, akacheka peke yake. Miaka arobaini kazi yake ni nini? Unakamua ndizi kwa majani, unapata maji yaliyojaa uchafu. Unachuja, unaacha yatulie. Kibaya kinashuka chini, kizuri kinakaa juu. Kama hivyo vichembe viko ndani ya pomade, si vitashuka?

Alikamua tube nzima ndani ya sufuria ndogo, akaongeza maji, akaiweka juu ya makaa. Pomade ilikataa kwanza, ikavimba, ikanuka kama sabuni. Baadaye ikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Akaipitisha kwenye kitambaa mara mbili, akaiacha itulie mpaka kesho. Asubuhi alikuta juu kuna mafuta safi yanayopitisha mwanga, na chini kumelala weupe mzito kama uji.

"Kumbe njo wewe," Kasonia aliuambia ule weupe. "Nimekuona."

Alikusanya mafuta ndani ya chupa ya sirop, na weupe akaumwaga kwenye shina la mgomba. Kwanza alijipaka yeye mwenyewe mkononi, akangoja siku nzima. Hakuna kilichomuuma. Akaita mtoto.

Bénite alijitazama kwenye kioo, akapiga makofi. "Mukaka! Hii haina unga! Bale batoto hawataniita tena Foufou."

Foufou lilikuwa jina lake huko masomoni, kwa sababu ya ile pomade iliyomwacha mweupe kama mtu aliyeanguka ndani ya unga wa muhogo. Alimkumbatia nyanya yake, mukaka wake, kiunoni. Kasonia alihisi amewashinda wote wawili, jua na nano, na Ananie naye juu.

*

Juma lile watoto wa masomo walikuwa wanafanya répétition ya défilé, gwaride la uhuru la tarehe thelathini mwezi wa sita. Mbingu ilikuwa na mawingu, baridi ya kuvaa tricot. Mwalimu wa mazoezi alitaka mistari iliyonyooka na vichwa vitupu, kwa hiyo kofia zote zikawekwa kwenye majani. Bénite hakubisha. Alikuwa amepakwa. Kwa muda wa saa nne nzima alipiga hatua, moja, mbili, moja, mbili, na kwa mara ya kwanza alikuwa mstari wa mbele.

Jioni alirudi mwekundu. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki nyufa mbili nyembamba, shingoni malengelenge, na kile kidonda cha sikio kimefunguka upya. Kasonia alimwekea kitambaa cha maji baridi. Hakulia mbele ya mtoto. Alitoka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na migomba, akarudi ndani.

Kwenye centre de santé ya karibu walimpa dawa ya maumivu, wakasema kwa ngozi kama ile ni afadhali amwone Maliro wa Beni, infirmier, yaani muuguzi, wa kile chama cha pomade. Ilibidi kumpigia Godelive.

"Ulimupaka?" Hilo ndilo neno la kwanza la Godelive kwenye telefone.

"Nilimupaka."

"Siku ile ya répétition, ulimupaka?"

"Asubuhi, na tena saa sita nilimufuata na chupa mpaka kule kwa mazoezi."

"Chupa gani?"

"Nilitia mu chupa, ili isimwagike."

Simu ilikatika yenyewe, unite za kuongea zilikuwa zimeisha. Kasonia alishukuru.

*

Maliro alipokea watu kwenye salle, ukumbi mmoja wa kanisa, Beni; Godelive aliwapeleka pale mara waliposhuka kwenye gari. Nje kwenye baraza mama kumi na tano hivi walikuwa wanangoja, watoto wao wamevaa kofia pana, kwa sababu ilikuwa siku ya kugawa pomade. Maliro alikuwa mwanamume mwembamba, sauti ndogo. Alimtazama Bénite shingo, akatazama sikio kwa kioo chake, hakumgusa mahali palipoungua.

"Hii ya sikio nitaiangalia kila juma," alisema. "Ikikataa kufunga, itabidi docta akate kipande. Sasa niambieni. Alipakwa kila siku?"

"Kila siku," alijibu Godelive. "Mama yangu hasahau. Namuulizaka kila jioni."

"Njo hivyo, mama?"

"Kila siku," alisema Kasonia. Na kweli, kila siku.

Maliro aliomba tube. Kasonia alikuwa ameileta, tupu, imekunjwa vizuri. Maliro alisoma namba kwenye mkia wake, akafungua daftari, akasoma tena.

"Ni za muzigo wa mwezi wa tano. Mutoto anapakwa kila siku, na kule Butembo kuko mawingu, na anaungua namna hii? Basi pomade imeharibika. Labda ilikaa mu kamyo ku mupaka wa Kasindi, jua likaipika." Alifunga daftari. "Nazuia zote. Leo sigawe."

Godelive aliegemea ukuta, pumzi ikamtoka. Alimgeukia mama yake, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yake.

"Mama, unisamehe. Njia yote nilikuwa nasema ni wewe. Hata kitanda cha mutoto nilishanunua. Kumbe ni bintu byao bya kuoza. Akipona, arudi na wewe Butembo."

Kasonia aliutazama ule mkono juu ya mkono wake. Hilo ndilo alilolitaka. Lilikuja lenyewe, bila yeye kusema uongo hata mmoja siku ile. Angekaa kimya tu, kama mtu aliyechoka na safari, na jioni ile angekuwa anahesabu siku za kurudi na mjukuu wake.

Maliro alikuwa ameshatoka barazani. Sauti yake ndogo ilisikika: pomade haitoki leo, samahani, mpaka zingine zifike kutoka Kampala.

"Mpaka lini?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Miezi mbili. Labda tatu."

"Tatu! Docta, mi niko mulimaji." Huyu aliitwa Victoire. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga mwenye nywele kama pamba, amefunikwa kitenge mpaka kichwani. "Hii miezi tatu, mutoto nimutie mu mufuko wa mahindi nifunge na kamba?"

Wengine walicheka, lakini si sana.

Kasonia alitoa mkono wake kwenye mkono wa binti yake. Alitoka. Kila mama alikuwa anamtazama, kwa sababu alikuwa mzee kuliko wote na kwa sababu alisimama katikati.

"Docta, usizuie. Pomade haina kosa."

"Unasema nini, mama?"

"Niliichuja."

Maliro hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aeleze, pale, mbele ya watu: sufuria, makaa, kitambaa, kungoja itulie, chupa ya sirop. Kabla hajafika mwisho baraza lote lilikuwa limepasuka.

"Eh! Mama alipika pomade kama kasiksi!"

"Sasa ililevya?"

"Mutoto alipaka ao alikunywa?"

Kasonia alisimama tu, mikono imeshika ncha za kitenge chake. Mlangoni Godelive hakuwa anacheka.

"Ulikuwa unatafuta nini, mama?" aliuliza Maliro.

"Nano. Nilitaka kuitosha, itoke kabisa. Wanasema inaingia mu seli, inaua."

"Na chini ya sufuria kulibaki nini?"

"Weupe. Kama uji."

"Ulienda wapi?"

"Niliumwaga ku mugomba."

Maliro alifunga macho kidogo. "Mama, ule weupe njo ulikuwa unamulinda mutoto. Unakaa juu ya ngozi, unarudisha jua. Hiyo njo nano yenyewe. Ulibakisha mafuta tu."

"Kumbe niliitosha kweli?"

"Uliitosha vizuri kabisa."

Kicheko kingine kikaja, na kilipopita, Kasonia alikuwa bado anamtazama. Hakuwa amemaliza.

"Basi yule wa telefone alidanganya?"

Maliro angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Alikuna shingo. "Hapana. Hakudanganya. Wale watu waliweka seli mu kisahani, seli tupu, halafu wakamwaga vichembe vingi juu yake. Mu kisahani zinaumia, ni kweli. Mais ngozi yako si kisahani. Juu iko na sehemu ngumu, imeshakufa, kama ganda la kunde. Vichembe vya hii pomade, karibu vyote vinakaa pale pale mu ganda. Havifike ku seli zenye uzima."

"Karibu vyote."

"Karibu vyote."

"Na ngozi ya huyu mutoto, ile ganda limetoka? Sasa vitapita?"

"Njo maana hatumupake mahali pa kidonda. Kitambaa, kivuli, mpaka ifunge. Mahali ngozi iko nzima, tunapaka."

"Nakuuliza, vitapita?"

"Sijui, mama. Hata wenye kusoma sana, hiyo bado wanaitafuta."

"Haujui?" Katika maisha yake Kasonia hakuwahi kusikia mtu mwenye blouse nyeupe ya hospitali akisema neno hilo. Alingoja aongeze kitu. "Sasa wewe unagawa kintu haujui?"

"Jua nalijua," alisema Maliro. "Miaka sita niko hapa. Najua jua linafanya nini ku batoto hawa. Nilizika wawili, wakubwa, walikuwa na kanseri ya ngozi. Kati ya kile najua na kile sijui, mi nachagua hivyo. Wewe vilevile ni kuchagua."

Kasonia alikuwa amekuja na jambo moja kichwani, sasa yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililofunga. Maliro alikuwa ameshageukia wengine. Alifungua daftari upya.

"Bon. Nani mwingine alifanyia pomade kintu? Sitakasirika."

Waliocheka sana ndio waliotazama chini. Halafu Victoire, akimtikisa mtoto mgongoni ingawa hakuwa analia, alisema: "Mimi nachanganyaka na mawese. Ili iende siku mingi." Mwingine akasema yake huwa anaipaka usiku, kwa sababu mchana watoto wanamcheka wake. Mwingine anaipaka uso peke yake. Maliro aliandika, akaandika, akageuza ukurasa. Saa nzima ilipita kabla hajaanza kugawa.

*

Godelive aliwatangulia mpaka nyumbani. Alikaa kwenye chumba kimoja karibu na soko, bati bila plafond ya kuzuia joto, na saa saba ile joto lilikuwa linashuka kutoka juu kama mtu amefungua mlango wa tanuri ya mkate. Aliwawekea bugali na sombe, majani ya muhogo. Bénite alikula polepole kwa sababu ya midomo. Kitanda kipya kilikuwa pale kwenye kona, karatasi ya duka bado imefunika godoro.

"Kwa nini haukuniuliza?" Godelive alisema mwishowe. "Telefone ninayo. Kila jioni nakuita. Ungesema tu, Godelive, wanasema hivi na hivi, nifanye nini?"

"Ungesema nimeanza kuzeeka."

"Mama, umezeeka!"

"Njo ile neno sikutaka."

Bénite alitazama mmoja, akatazama mwingine, kupitia zile nyufa za macho. "Mukaka alitaka vizuri," alisema.

"Najua alitaka vizuri. Wewe kula." Godelive aliweka sahani chini. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Docta anataka kuona lile sikio kila juma. Atabaki hapa. Nitamutafutia masomo. Wewe mama, gari ya mwisho ya Butembo inatoka saa tisa."

"Na kule vijijini, wale watu wa kuua..."

"Naijua. Mi naishi hapa."

"Na jua la hapa?"

"Kuna pomade. Nitamupaka, bila kuchuja."

Kasonia alikubali kwa kichwa. Hakukuwa na la kubisha, na yote aliyotaka kubishia yalikuwa yanageuka mkononi mwake yakawa kitu kingine. Angenyamaza barazani, mtoto angekuwa wake, na yule mchanga wa Victoire angekuwa shambani bila kitu. Alisema, na mtoto anabaki mahali ambapo alikuwa amefichwa asikae. Alijiuliza lipi lilikuwa zuri. Hakujua. Alijiuliza kama na hilo kuna watu mahali fulani wanaolitafuta.

Godelive alimpa tube mpya. "Mupake wewe, miguu peke yake. Mi narudi sokoni, nimeacha meza kwa jirani. Na asante, mama. Ya kusema ukweli. Mais atabaki." Akafunga kitambaa kichwani, akatoka. Mlango ulibaki wazi kidogo ili upepo uingie.

Kasonia alikamua weupe kwenye kiganja. Aliusogeza karibu na macho yake, akaufuata kwa kidole, akatafuta chembe. Ulikuwa laini tu, hauna kitu. Akapaka goti la Bénite, akangoja. Akapaka lingine.

"Mukaka, unapaka polepole sana."

"Ni njaa."

"Umetoka kula."

"Nyamaza, nyosha mguu."

Alipaka mpaka vidole vya miguu, sehemu zote zilizo nzima, na hakufuta. Mtoto akawa Foufou tena kutoka magoti kwenda chini, wakacheka kidogo wote wawili, Bénite akishika mashavu yasimuume. Halafu alilala ubavu, upande usio na kidonda, na baada ya muda mdomo ukafunguka. Kasonia alikata kipande cha carton, akawa anampepea. Alipanga kuondoka kabla mtoto hajaamka; ingekuwa rahisi hivyo. Viatu alikuwa ameshavaa, mfuko uko magotini.

Alipepea. Joto lilikuwa linabonyeza kichwa chake taratibu, na ndani yake ganda la kunde, tofali, kisahani vilikuwa vinazunguka, kila kimoja kikitaka kueleza kingine. Huko barabarani mwita-abiria wa ile gari ya mwisho aliita Butembo, Butembo, mama mmoja, nafasi moja. Kasonia alisikia. Alisema ndani yake, nimalizie huu upande wa shingo, halafu ninyanyuke. Carton ilishuka mara moja zaidi, ikakaa juu ya kitenge cha mtoto, na kichwa cha nyanya kikaenda polepole mpaka kwenye ukingo wa godoro jipya. Akalala, viatu miguuni.